Trela la kupigia kambi na familia: fupi, la kati au refu?

Familia zetu nyingi zilizoko Marekani na Kanada hufika kwenye yadi ya muuza matrela na swali moja: linalaza watu wangapi? Ni swali la haki, ila linapaswa kuwa la tatu. La kwanza ni gari lililopo nyumbani linaweza kubeba nini. La pili ni mnataka kwenda kulala wapi. Trela la kulaza watu kumi halina kazi kama gari linashindwa kulishika kwenye mteremko, au kama hifadhi mnayoitamani haina kiwanja cha kulipokea.

Ulinganisho huu unahusu matrela ya kawaida, yale yanayofungwa kwenye kiungo kilicho nyuma ya gari, chini ya bampa. Hatugusi yale yanayokaa juu ya bodi ya pikapu. Tumeyagawa mafungu matatu: fupi, la futi 16 hadi 20, la kati, la futi 22 hadi 26, na refu, la futi 28 hadi 33. Jihadhari na jambo moja mapema. Namba iliyo kwenye jina la modeli si lazima iwe urefu wa trela. Lililoandikwa 24 ubavuni linaweza kufika futi 28 ukilipima kutoka ncha ya pua hadi bampa ya nyuma, na kambi inahesabu urefu huo wote. Nenda na futikamba.

Mambo ya kupima kabla ya urefu

*Stika ya mlangoni.* Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo yake. Kuna stika ya matairi na mzigo inayotaja, kwa kilo na kwa pauni, uzito ambao watu na mizigo kwa jumla hawapaswi kuuzidi. Soma hiyo kabla ya kusoma tangazo lolote. Namba kubwa ya matangazo, ile ya "gari hili linavuta pauni 7,500", hupimwa gari likiwa na watu wawili tu wa pauni 150 kila mmoja. Baba, mama na watoto wanne ni hesabu nyingine kabisa.

Sababu ni hii: trela halivutwi tu, linalalia gari. Pua ya trela hukandamiza kiungo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela, na uzito huo unaingia kwenye ile hesabu ya stika pamoja na watu, masanduku na hata kiungo chenyewe. Ukifanya pua iwe nyepesi, chini ya asilimia 10, trela linaanza kuyumba likishika kasi. Lenga asilimia 12 au 13.

Tuchukue gari la familia la safu tatu lenye stika ya pauni 1,450. Baba pauni 190, mama 160, watoto wanne kwa pamoja 300: jumla 650. Mizigo ndani ya gari, 150. Kiungo cha kusawazisha uzito, kile chenye vyuma viwili vya springi vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele, kina pauni 90 hivi. Zimebaki 560 kwa ajili ya pua. Ukigawa kwa asilimia 13, unapata trela la pauni 4,300 likiwa limejaa. Gari lile lile tangazo lake linasema 7,500. Hapa ndipo familia nyingi huumia, maana muuzaji hataji stika, anataja tangazo.

Upande wa trela, usihesabu uzito wa trela tupu. Uzito huo mara nyingi hauna betri, gesi wala maji. Galoni moja ya maji ina pauni 8.3, kwa hiyo tangi la galoni 40 likijaa limeongeza pauni 332. Mtungi wa gesi wa pauni 20 ukijazwa unakaribia pauni 37, na matrela mengi yana miwili. Ongeza sufuria, magodoro ya ziada, unga, mchele, baiskeli. Hesabu salama ni kuchukua GVWR, uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye stika ya trela lenyewe, ukaufanya ndio uzito wako.

Madereva wa malori waliomo katika jamaa zetu wanaijua mizani ya CAT Scale kwenye vituo vya malori. Mpelekeeni mmoja wao gari na trela likiwa limepakiwa kama la safari. Mizani inatoa karatasi yenye uzito wa ekseli za mbele, za nyuma na za trela, kila moja peke yake. Pima mara ya pili bila trela, watu wale wale wakiwa ndani ya gari, na tofauti itaonyesha pua inabonyeza kiasi gani.

*Viwanja.* Kambi nyingi za hifadhi za taifa za Marekani zilichongwa miaka ya 1930, au wakati wa mpango wa Mission 66 ulioanza 1956 na kuisha 1966, enzi matrela yalipokuwa mafupi. Ndiyo maana hadi leo viwanja vingi vina ukomo. Upper Pines, ndani ya bonde la Yosemite, inakomea kwenye trela la futi 24. Unapoweka nafasi kwenye Recreation.gov, kila kiwanja kina urefu wake. Usidanganye kwa futi mbili ukidhani hazitaonekana. Mti ulio kwenye kona ya kiwanja hausogei.

*Vitanda halisi.* "Linalaza watu 8" humaanisha wamehesabu meza ya kulia inayogeuzwa kitanda na sofa pia. Meza hiyo hulaza watoto wawili wadogo, au mtu mzima mmoja mfupi, na kila asubuhi lazima ivunjwe kabla ya chai. Hesabu vitanda vinavyobaki vitanda mchana kutwa.

*Maji, choo na jiko.* Kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya bafu na jikoni, na la choo. Kwa kawaida tangi la maji ya bafu na jikoni ndilo linalojaa kwanza.

*Umeme na maegesho.* Soketi ya ampea 30 inatoa wati 3,600. Ya ampea 50 inatoa wati 12,000. Na trela, kwa sehemu kubwa ya mwaka, linakaa tu. Pahali pa kukaa pana bei yake.

Trela fupi: futi 16 hadi 20

*Gari.* Likiwa limejaa, aghalabu lina pauni 3,500 hadi 5,500. Toyota Sienna na Honda Odyssey, magari yaliyojaa kwenye nyumba za jamaa zetu, yanaruhusiwa pauni 3,500 tu, na familia ikishakaa ndani stika ya mlangoni inaweza kushusha hata hapo. Kwa hiyo, hata katika fungu hili, ni matrela mepesi kabisa yanayofaa kwa Sienna. Magari yanayovuta pauni 5,000, kama Toyota Highlander ya V6 au Honda Pilot ya kuendeshwa magurudumu yote, yanaingia vizuri zaidi, mradi hesabu ya stika ifanywe.

Wengi hudhani trela fupi linakula mafuta kidogo sana. Kinachokula mafuta barabarani ni hewa, na hewa inagonga uso wa trela. Trela fupi lenye kimo kamili na upana wa futi 8 linaukabili upepo karibu sawa na refu. Ukitaka nafuu ya kweli tafuta lenye upana wa futi 7 au paa la chini.

*Kulala.* Wazazi wawili na watoto wawili wadogo wanaenea. Wakiwa watatu, mmoja anaishi kwenye meza. Chunguza kitanda cha wazazi: mara nyingi kimesukumwa kwenye kona, na wa ukutani akitaka kutoka usiku lazima amvuke mwenzake. Mama mjamzito asipewe upande huo. Godoro linaloitwa kwin kwenye matrela lina inchi 60 kwa 74 au 75, wakati la nyumbani ni 60 kwa 80. Baba mrefu alale juu yake hapo hapo dukani, viatu kando, apime miguu.

Kuna aina yenye ncha za turubai zinazofunguliwa nje, kila ncha ikawa kitanda. Trela la futi 18 la aina hii linalaza watu sita bila kugusa meza, na bado ni jepesi. Lakini turubai ina gharama zake. Ikifungwa mbichi, inashika ukungu ndani ya siku chache. Ukirudi kwenye mvua, ifungue uani ikauke. Na kwenye nchi ya dubu haikubaliki kila mahali: Fishing Bridge ndani ya Yellowstone inapokea matrela yenye kuta ngumu tu, na Lake Louise kule Banff ina kambi mbili, moja ya kuta ngumu na nyingine ya turubai iliyozungushiwa uzio wa umeme.

Jambo la karibu zaidi ambalo halitajwi dukani ni pumzi. Watu watano wakilala kwenye chumba cha futi 18 usiku wa baridi, asubuhi madirisha yanachuruzika maji, na chini ya godoro la kona mbao zimelowa. Baada ya msimu mmoja unakuta madoa meusi. Dawa yake ni kuacha tundu la paa wazi kidogo na dirisha la upande wa pili wazi kwa vidole viwili, hata kama hita inawaka, na kuinua godoro kila asubuhi.

*Maji, choo na jiko.* Tangi la maji ya bafu na jikoni mara nyingi ni la galoni 20 hadi 30. Kwa nyumba inayoswali, fanya hesabu hii: watu wanne, udhu mara tano, lita mbili kwa mtu ukitumia kopo, ni lita 40 kwa siku, zaidi kidogo ya galoni 10. Hapo hujaosha sahani wala mtu hajaoga. Tangi la galoni 25 linajaa siku ya pili. Beseni na kopo nje, pale ambapo kambi inaruhusu, au kutumia bafu la kambi, huokoa siku nzima. Bafu lenyewe humu huwa choo na manyunyu mahali pamoja, kila kitu kinalowa.

Jiko lina mafiga mawili yaliyokaribiana. Sufuria ya pilau ya watu wanane ikikaa, figa la pili limefunikwa. Nunua jiko la gesi la nje lenye miguu, na ndani pabaki chai na uji.

*Barabarani na kambini.* Linaingia karibu kila kiwanja. Kurudi nyuma, kinyume na watu wanavyodhani, ni kugumu zaidi kuliko kwa refu: trela fupi hujibu usukani haraka, na ukichelewa kidogo limeshakunja. Weka mkono chini ya usukani, saa sita ya chini, uupeleke upande unaotaka trela liende, kidogo kidogo.

*Linamfaa nani.* Familia ya watu watatu hadi wanne, wanaohama kambi kila siku mbili, wanaopenda hifadhi za taifa zenye viwanja vifupi, na ambao gari lao la kila siku ndilo litakalovuta.

Trela la kati: futi 22 hadi 26

*Gari.* Likijaa ni pauni 6,000 hadi 7,600. Tuseme 7,000: pua inabonyeza pauni 910. Ongeza watu 650, mizigo 150 na kiungo 90, unahitaji stika ya pauni 1,800. Pikapu nyingi za kawaida, kama Ford F-150, Ram 1500 na Chevrolet Silverado 1500, zina stika kati ya 1,400 na 1,900, na zile zenye viti vya ngozi, paa la kioo na magurudumu makubwa ndizo zenye uwezo mdogo zaidi, kwa sababu mapambo hayo nayo yana uzito. Pikapu mbili za jina moja, mwaka mmoja, zinaweza kutofautiana kwa mamia ya pauni. Kila gari lisomwe stika yake.

Katika fungu hili kiungo cha kusawazisha uzito na kizuia kuyumba si anasa. Kidhibiti cha breki za trela pia ni lazima. Kukiweka sawa: kwenye uwanja mtupu, kwa maili 20 hadi 25 kwa saa, bana kitufe cha mkono cha kidhibiti pekee. Kama trela halishiki, ongeza. Kama magurudumu yake yanaganda na kuburuta, punguza kidogo. Rudia zoezi hilo kila uzito unapobadilika.

*Kulala.* Hapa ndipo familia ya watoto inapopata nafuu. Mpangilio wa kawaida ni kitanda cha wazazi mbele na vitanda vya deka nyuma, choo kikiwa karibu na vitanda vya watoto. Watoto wanalala saa mbili, pazia linafungwa, wakubwa wanabaki na meza yao. Deka moja ina upana wa inchi 28 au 30, na pembeni yake pameandikwa uzito inaoruhusu, mara nyingi pauni 150 kwa zile nyembamba. Kijana wa miaka 15 anakaribia kikomo hicho. Mkinunua mtoto akiwa na miaka 12, fikirieni atakavyokuwa miaka mitatu ijayo.

Deka zikiwa nyuma, kila familia hushawishika kurundika mizigo juu yake wakati wa safari, kisha baiskeli nne zikafungwa kwenye bampa ya nyuma. Mzigo wote huo uko nyuma ya ekseli na unainua pua. Trela lililokuwa na asilimia 13 linashuka hadi tisa, na lori likipita ubavuni kwa kasi, mkia unaanza kucheza. Ikitokea, usikanyage breki ya gari. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, bana kile kitufe cha mkono ili breki za trela peke yake zilivute nyuma. Mkisimama, hamishieni mizigo mbele ya ekseli. Angalia pia tangi la maji safi liko wapi: kama liko nyuma ya ekseli, kusafiri nalo likiwa limejaa kuna athari ile ile.

Mengi ya matrela haya yana sehemu ya ukuta inayosukumwa nje mkishafika, na sebule inapanuka kwa futi tatu hivi. Ni raha ya kweli siku ya mvua. Ila kabla ya kununua, mwambie muuzaji aifunge kabisa, kisha jaribu kufika chooni na kwenye friji. Kwenye mipangilio mingine haiwezekani, na mkisimama njiani mtoto akitaka choo mtalazimika kuifungua kwenye maegesho ya watu. Chunguza raba zake na sakafu ya pembeni. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakibonyea, maji yameingia siku nyingi.

*Maji, choo na jiko.* Matangi ya galoni 30 hadi 40. Familia ya watu sita inayojibana inafika siku tatu. Mafiga matatu, oveni ndogo, na mara nyingi jiko la nje ubavuni, ambalo kwa mapishi yetu ya kukaanga vitunguu na samaki lina thamani kuliko televisheni. Harufu ya samaki kwenye mapazia ya trela haitoki msimu mzima. Jiko la mkaa kamwe lisiingizwe ndani, hata likiwa limebaki majivu ya moto: hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Vitambuzi vya gesi na hewa chafu vina tarehe ya kuisha nyuma yake, kwa kawaida miaka mitano hadi saba. Kwenye trela la mtumba vitazame kwanza.

Umeme ni ampea 30. Kiyoyozi kikiwa kinavuma, ukiwasha birika la wati 1,500 na maikrowevu pamoja, swichi inajikata. Chemsha chai kwa gesi.

*Barabarani na kambini.* Viwanja vingi vya majimbo vinalipokea, vya hifadhi za taifa vingi kiasi, mradi urefu halisi usizidi futi 25 au 27. Ndiyo sababu, ndani ya fungu hili, futi mbili zina maana kubwa kuliko sebule inavyoonyesha.

*Linamfaa nani.* Watu wanne hadi sita wenye pikapu ya kutosha, safari za siku tatu hadi wiki.

Trela refu: futi 28 hadi 33

*Gari.* Pauni 8,500 hadi 10,500 likijaa. Chukua 9,500: pua ni 1,235, na kwa familia ile ile mnahitaji stika ya zaidi ya pauni 2,100. Hiyo ni pikapu ya daraja la juu, kama Ford F-250 au Ram 2500. Tofauti ya bei kati ya trela la kati na refu si kubwa mara zote. Kinachomaliza pesa ni gari la kulivuta.

Kuna kikwazo kingine ambacho familia kubwa hukigundua wakishalipa. Pikapu yenye milango minne ina viti vitano, au sita ikiwa na benchi mbele. Mkiwa saba hamwenei, na trela refu ndilo mlilolitaka kwa sababu mko saba. Magari ya safu tatu kama Chevrolet Suburban yanaweza kuwabeba, lakini stika zake kwa kawaida hazifiki popote karibu na 2,100. Njia zinazobaki ni van kubwa ya abiria kama Chevrolet Express, ambayo stika yake huwa kubwa, au kwenda na magari mawili. Mtu asisafiri ndani ya trela. Hakuna mkanda humo, na likipinduka kila kabati ni silaha.

Leseni nayo itazamwe. California inataka leseni ya daraja A isiyo ya kibiashara kwa trela linalozidi GVWR ya pauni 10,000. Ontario, leseni ya kawaida ya G inakomea kwenye trela la kilo 4,600.

*Kulala.* Chumba cha wazazi chenye mlango, chumba cha deka nne, sofa kwa wageni. Bibi akija, analala mahali ambapo hatapandishwa wala kuamshwa mtu akienda chooni. Hiyo ni heshima inayostahili kulipiwa. Pima pia ngazi za mlangoni: zile pana zinazokanyaga ardhi ni salama kwa magoti ya mzee kuliko zinazoning'inia.

*Maji, choo na jiko.* Matangi ya galoni 40 hadi 60 au zaidi, mara nyingine mawili kwa jikoni na bafu. Friji ya kutosha nyama ya wiki. Ampea 50 na viyoyozi viwili. Kambi ikiwa na ampea 30 pekee, adapta itawapa kiyoyozi kimoja, na mwezi Julai kule Texas hicho hakitoshi urefu wote.

*Barabarani na kambini.* Linatulia na hurudi nyuma polepole kwa utii, lakini mkia wake hufagia upande wa pili unapokata kona. Kituo cha mafuta ndipo panapogongwa. Panga vituo vya malori. California, kila gari linalovuta trela lina ukomo wa maili 55 kwa saa, na matairi mengi ya matrela yametengenezwa kwa mwendo usiozidi 65. Soma ubavu wa tairi. Hapo hapo kuna namba ya DOT, na tarakimu zake nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Likizidi miaka mitano au sita, badilisha hata kama mifereji yake bado ina kina.

Hifadhi za taifa zitakuwa ngumu, na gari lenyewe linaweza kuzuiwa hata mkiliacha trela kambini. Barabara ya Going-to-the-Sun kule Glacier, kati ya Avalanche na Rising Sun, hairuhusu chombo kinachozidi futi 21 kwa urefu au futi 8 kwa upana pamoja na vioo. Pikapu ya daraja la juu yenye milango minne na bodi ndefu inapita futi 22.

*Linamfaa nani.* Wanaofika mahali pamoja wakakaa wiki mbili au msimu mzima, wenye wazee au wageni wa kila mara, na wenye gari linalostahili.

Kwa hali yenu

Gari ni Sienna na hakuna mpango wa kulibadilisha: tafuteni fupi na jepesi, lenye GVWR isiyozidi ile hesabu yenu, na watoto wakubwa walale kwenye hema kando pale kambi inaporuhusu. Hema zuri la watu wanne linaokoa maelfu ya dola ya gari jipya.

Watoto watatu au wanne chini ya miaka 12, pikapu ya kawaida ipo: la kati lenye deka. Kati ya mawili mliyoyapenda, chukueni fupi zaidi lenye vitanda vile vile.

Watu saba na zaidi: anzeni na gari, si trela. Familia mbili ndugu zenye matrela mawili ya kati kwenye viwanja jirani hukaa kwa raha kuliko zikibanwa kwenye moja refu, na kila gari linabaki ndani ya stika yake.

Mnaishi ghorofani, hamna uwanja: ulizeni kwanza bei ya maegesho ya mwezi na urefu wanaoupokea. Baadhi ya mitaa yenye kamati za wakazi hairuhusu trela hata kwenye uwanja wako mwenyewe.

Mnakwenda Kusini majira ya joto na mtalala kwenye kambi zenye umeme tu: pendeleeni la kati lenye kiyoyozi cha BTU 15,000 badala ya 13,500, au refu lenye viwili.

Nyumbani hamjakubaliana: kodini saizi mbili tofauti kwa wikendi mbili, kambi ya karibu, kila mtu kwenye kitanda chake. Na mkienda dukani, nendeni wote. Watoto wapande deka zao, mama asimame jikoni na sufuria kubwa ya nyumbani, baba akae chooni mlango umefungwa, kila mmoja aone magoti yanagusa wapi. Kaeni humo saa nzima mvua ikinyesha nje, ikiwezekana. Muuzaji asiyewapa saa hiyo, nendeni kwa mwingine.